Fomu ya Pili

Lisekese, Masasi
22 Oktoba 2024

Mpwa wangu Mama Hamudi,

Salamu nyingi, na wajukuu nisalimie. Mimi nipo. Mguu umefungwa plasta toka gotini mpaka vidoleni, na binti yangu Biesha kanikalisha ndani kwake kutwa kama mwali. Tofauti ni kwamba mwali analishwa vizuri, mimi nalishwa uji. Daktari kasema wiki sita. Nikamwambia mimi ni mwenyekiti wa kijiji, sina wiki sita. Akacheka, akaandika wiki sita.

Ajali yenyewe umeshaisikia: bodaboda iliteleza kwenye mchanga, nikaanguka, basi. Watu wakikuongezea maneno usiwasikilize.

Usinipigie simu. Unajua sikio langu la kulia lilishakufa, na hili la kushoto lina ubishi. Ikipigwa simu anapokea Biesha, mnaongea nusu saa nzima, halafu ananigeukia na kuniambia, "Hawajambo, wanakusalimu." Ndiyo habari hiyo? Andika barua. Mpe Gervas, kondakta wa basi la asubuhi, ataiacha dukani hapa njia panda, nitaipata kabla ya adhuhuri.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi tarehe 26 wanaanza kutoa fomu za kugombea. Nenda kanichukulie yangu. Miaka ishirini nimeichukua kwa mkono wangu, safari hii mguu umekataa. Ladislaus msaidizi wangu ningemtuma, lakini nimeshamwachia muhuri, na nikimwachia na fomu atajiona yeye ndiye mimi. Wewe nimekulea, nakuamini. Jina unalijua, Nurdini Issa Chilumba, usije ukaniandikia la mtu mwingine.

Na mafundi wa pampu wamekuja? Waambie watu wavumilie, nafuatilia.

Mjomba wako,
Nurdini


Makote, Newala
27 Oktoba 2024

Shikamoo Mjomba,

Pole na mguu. Uji kunywa, Mjomba, mfupa unaunga kwa uji, na Biesha usimgombeze.

Fomu yako hii hapa, ndani ya bahasha ya kaki. Jana nilifika ofisini saa mbili, nikaipata saa tano. Ijaze taratibu, wanasema ukikata neno moja tu fomu imeharibika.

Mafundi wa pampu hawajaja. Uliwaambia watu wavumilie mwaka juzi, na mwaka jana, nami naogopa kulipeleka neno hilo tena. Kisima cha nyumbani kwetu kimebaki tope, mvua bado, tunashuka bondeni alfajiri na ndoo na kupanda nazo jua limeshawaka. Korosho zinaanguka, nazo hazimsubiri mtu, tunaokota mpaka viuno vinalia.

Jambo jingine ni Yuliana, jirani yangu, mke wa Alfredi. Jumatano alishikwa na uchungu. Zahanati yetu unaijua, kuta nne na nyasi ndani. Tukampakia kwenye pikipiki kumkimbiza mjini, hatukufika. Alijifungulia kando ya njia, kwenye mashamba ya watu, mimi na mama mkwe wake tumeshika vitenge kumkinga. Mama mzima, mtoto mzima, alhamdulillah. Lakini Mjomba, kitenge changu nimekifua mara tatu, damu haitoki.

Ladislaus muhuri anatembea nao mfukoni. Mtu akitaka barua ya utambulisho anaambiwa njoo kesho. Kesho anaambiwa vilevile.

Kuna jambo nilitaka kukuambia, lakini karatasi imeniishia.

Mpwa wako,
Stamili


Lisekese
30 Oktoba 2024

Mama Hamudi,

Karatasi imekuishia! Nimeigeuza hiyo karatasi, nyuma kweupe pe. Nani umejifunza kwake kudanganya vibaya hivyo? Si kwangu.

Fomu nimeipata, nimejaza, nimempa Gervas airudishe ofisini. Ahsante. Lakini Ladislaus kapiga simu hapa, na safari hii Biesha hakupunguza neno. Anasema uliondoka ofisini na fomu mbili. Mbili! Ya pili ya nani, Stamili?

Usijibu, najua. Ni ya huyo mumeo. Nilijua tu! Tangu siku alipokuja kuposa nilimwona, mtu anayeangalia angalia nyumba za watu namna ile ana lake moyoni. Mahmudu ni mtu wa Tandahimba. Alikuja kwetu kuoa, tukampa mke, tukampa shamba la mikorosho, tukampa heshima ya mkwe. Sasa anataka na kiti? Mtu ambaye mbuzi wake mwenyewe hawamsikii! Mwaka jana walikula mihogo ya kijiji kizima yeye akiwaita kwa majina. Leo aje aongoze watu?

Mwambie Mahmudu aje Lisekese tuonane uso kwa uso kama wanaume. Asipokuja nitakuja mimi, na plasta yangu. Na wewe umenihuzunisha. Ulikuwa unajua, ukanyamaza, ukaniletea na habari za pampu ili nisahau.

Mjomba wako,
Nurdini


Makote
1 Novemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Fomu ya pili ni yangu.

Baba Hamudi nilimsomea barua yako. Alicheka mpaka akakaa chini, na anasema la mbuzi ni kweli tupu. Hana habari na kiti cha mtu. Alichofanya ni kunibebea mtoto nilipokuwa kwenye foleni.

Ni mimi, Mjomba. Niliogopa kukuandikia, ndiyo maana karatasi ikaisha. Sasa nimeanza na nitasema yote.

Tangu nikiwa binti mimi ndiye ninayewapelekea chai wageni wako pale barazani. Wewe ukiwa mjini, au umelala, watu wananiachia mimi shida zao. "Mwambie Mjomba wako." Nilikuwa nakuambia. Halafu nikaanza kuziandika kwenye daftari, maana zilikuwa nyingi na wewe ulikuwa unasema, nafuatilia. Daftari la kwanza limejaa, la pili liko nusu. Mkutano mkuu wa kijiji umeitishwa lini mara ya mwisho? Nimewauliza watu kumi, hakuna anayekumbuka. Hamudi wangu alikuwa hajaota meno, leo yuko darasa la kwanza.

Siku ile Yuliana alipojifungulia njiani, jioni wanawake saba walikuja nyumbani. Hawakuja kulalamika. Walikaa tu. Halafu bibi mmoja akasema, "Stamili, wewe ndiye unayejua shida zetu zote, na kuandika unajua. Unangoja nani?" Nimechukua fomu kwa chama kingine, maana chama chako kina wewe.

Leo saa nane nimeirudisha. Karani aliniuliza kama naumwa.

Sikukuchukia, Mjomba. Baba alipotuacha ulinilea, mama alipokufa ulinizikia. Nakuogopa, nakupenda, na nimechoka kusubiri, yote kwa pamoja. Kama utanilaani nilaani kwa barua, nisikusikie.

Mpwa wako,
Stamili


Lisekese
4 Novemba 2024

Binamu yangu Stamili,

Hii naandika mimi Biesha, Baba hajui. Barua yako aliisoma Jumamosi. Akaikunja, akaiweka chini ya mto, hajaitaja mpaka leo. Kula anakula kidogo. Nikimuuliza anasema mguu unauma. Jana nilimkuta ameitoa tena anaisoma, midomo inacheza, aliponiona akajifanya anatafuta miwani, na miwani iko puani.

Usijilaumu. Acha nikuambie na jambo ambalo hataki lijulikane. Bodaboda gani iliyoteleza? Hapakuwa na bodaboda. Alitumbukia kwenye ule mtaro wa bomba la maji, mtaro wake mwenyewe, uliochimbwa mwaka juzi ukaachwa wazi. Nilipokwenda kumchukua hospitali alinishika mkono akaniambia, "Biesha, ukimwambia mtu nakulaani." Sasa nimekuambia, na kama nimelaaniwa tugawane.

Mimi nimefurahi mno na fomu yako. Lakini usiseme kwamba nimesema.

Binamu yako,
Biesha


Makote
8 Novemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Hujanijibu, na leo sikuandiki kutaka jibu la barua ile. Nimepata janga.

Asubuhi wamebandika majina ya wagombea. Lako lipo, na langu lipo. Haikufika saa sita Ladislaus akaniwekea pingamizi. Anasema kwenye daftari la wakazi hakuna mtu aliyezaliwa hapa anayeitwa Stamili. Nyumba yako amehesabu watoto wote, Stamili hamna. Kwa hiyo mimi, anasema, nimetoka ng'ambo ya mto Ruvuma, si raia, na nilijipenyeza kwa ndoa.

Wewe unajua kilichotokea. Ulituandika nikiwa na miaka sita, ukaandika jina langu la utotoni. Nilipochezwa unyago ukanipa hili la Stamili, na lile likaachwa kulekule, halitamkwi tena, kama desturi. Hakuna aliyekumbuka kwenda ofisini kubadilisha, nani angekumbuka? Shule nilikuwa nimeshaacha, kitambulisho cha taifa nina namba tu, nayo niliandikisha Stamili. Kwa hiyo kwenye makaratasi mimi ni watu wawili, na wa pili hana kwao.

Msimamizi msaidizi wa uchaguzi ni kijana mgeni, anaitwa Kulwa, katoka Usukumani. Si mtu mbaya. Kaniambia, "Mama, litaje tu hilo jina la zamani, tulione kwenye daftari, yaishe." Mjomba, nimtajieje? Mbele ya Ladislaus na wanaume wengine wamejaa mlangoni? Nikilitaja kwa mdomo wangu nimejivua nguo hadharani, na walionicheza nimewatukana makaburini. Nilimweleza, akakuna kichwa. Kwao jina ulilozaliwa nalo ndilo unalozikwa nalo.

Mama hayupo. Kungwi wangu hayupo. Aliyenipa majina yote mawili ni wewe. Shauri linasikilizwa Jumapili saa nne asubuhi, na nisipothibitisha nimeondolewa.

Ladislaus ametangaza kwamba wewe ndiye uliyemtuma. Mjomba, umemtuma?

Sikuombi kura. Hata kunisamehe sikuombi kama moyo haujataka. Naomba useme mimi ni mtoto wa nani.

Stamili


Nurdini Issa Chilumba
Lisekese, Masasi
9 Novemba 2024

Kwa Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi,
Kijijini kwetu, Makote.

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA MPWA WANGU

Bwana Kulwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mgombea wa nafasi ileile anayoitaka huyu mama. Akiondolewa, mimi napita bila jasho. Nakuambia mapema ili uone kwamba ninayoyaandika hayana faida kwangu.

Stamili ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alizaliwa katika nyumba ya bibi yake, hapohapo kijijini, mwaka wa njaa, mimi nikiwa nimekaa nje nasubiri kuitwa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Jina la kwanza nilimpa mimi. Jina la Stamili nilimpa mimi. Nilimpa siku alipotoka unyagoni, mbele ya watu, na wengi wao wako hai na watakuwa wamesimama nje ya ofisi yako wakati unasoma.

Mtu aliyekuambia kwamba nimemtuma ni mwongo. Sikumtuma, na ningemtuma ningekuwa mimi ndiye mwongo.

Anasema mpwa wangu ni wa ng'ambo. Vizuri. Yeye akiwa wa ng'ambo na mimi ni wa ng'ambo, maana mama yake na mimi tulilala tumbo moja. Na kama ni hivyo, kijiji kimeongozwa na mgeni miaka ishirini, na kila karatasi niliyoipiga muhuri ni batili, kuanzia na karatasi ya shamba la Ladislaus mwenyewe. Muulize kama anataka tuendelee.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ndogo nimeifunga kwa gundi. Humo nimeandika jina lake la utotoni. Lisome kwa macho, Bwana Kulwa, usilisome kwa mdomo. Fungua daftari la wakazi kwenye nyumba yangu, mstari wa nne, utalikuta. Ukishalikuta, lirudishe kwenye bahasha na umkabidhi mwenyewe mkononi. Wewe ni mgeni, sikulaumu kwa usilolijua, lakini sasa umelijua. Mtu yeyote akilitamka mbele za watu, nitashuka kwenye basi na magongo yangu, na si yote mawili nitayatumia kutembelea.

Nimetia saini na dole gumba, kwa kuwa muhuri wangu uko kwenye mfuko wa mtu.

Nurdini Issa Chilumba

Nakala: Stamili. Umtumie mtu wa kunirudishia bahasha kubwa, ni ya Biesha.


Makote
11 Novemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Tumeshinda! Nimepitishwa. Jina langu liko ubaoni na karani kalizungushia wino mpya.

Gervas alifika na bahasha jana mbio mbio, mwenyewe anasema ulimtisha. Bwana Kulwa akasoma barua yako kimya. Alipofika mahali pa shamba la Ladislaus akakohoa, akajifuta uso kwa leso, nikajua anacheka. Halafu akafungua ile bahasha ndogo, akaangalia, akafungua daftari, akateremsha kidole, kikasimama.

Ladislaus akaruka, "Lisomwe! Pingamizi ni la hadharani, lisomwe kwa sauti!" Eh, Mjomba, ungewasikia wanawake wa nje. Hawakupiga kelele. Waliguna wote kwa pamoja, bibi mmoja mwenye miaka themanini akaingia mpaka ndani, akamsimamia Ladislaus usoni, akamwambia, "Na la kwako tulisome? Tunalikumbuka." Ladislaus alikaa. Bwana Kulwa akakunja kile kikaratasi, akanipa kwa mikono miwili, akasema pingamizi limetupwa. Nililia palepale, sikujali nani ananiona. Kikaratasi nimekichoma jikoni.

Mjomba, ahsante. Nilidhani umeshanifuta. Ningekuwa karibu ningekupigia magoti.

Lakini sasa niambie ukweli. Umeridhia?

Mpwa wako,
Stamili


Lisekese
15 Novemba 2024

Stamili,

Usinishukuru. Nilitetea ukoo, sikutetea fomu yako. Mtu hawezi kuniamkia asubuhi aniambie dada yangu alikuwa mtu wa ng'ambo nami niendelee kunywa uji. Angekuwa hata Biesha anasingiziwa, ambaye ananinyima chumvi, ningeandika vilevile.

Kuridhia hakuna. Mimi bado mgombea, na nitakushinda. Watu wananijua. Wewe una daftari, mimi nina miaka ishirini. Kampeni zikianza usiwe unaninyenyekea jukwaani eti mjomba, mjomba, watasema nimekupandikiza. Nishambulie kama ninavyostahili, ila la mkutano mkuu usilitie chumvi, linatosha lenyewe.

Ladislaus nimemwandikia arudishe muhuri kwa mtendaji wa kijiji. Siku ya kura nitakuja na basi la asubuhi. Niwekee maji ya kuoga, najua hayapo, lakini niwekee.

Mjomba wako na mpinzani wako,
Nurdini


Makote
30 Novemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua mbili nimezichana, hii ni ya tatu.

Jumatano matokeo yalisomwa kabla ya magharibi. Ulikuwa umekaa pale kwenye benchi, magongo mapajani. Waliposoma jina langu watu wakanibeba, nikawa nakutafuta kwa juu juu ya vichwa, nikaona benchi tupu. Nikakimbilia nyumbani kwako, nikaambiwa umelala. Asubuhi nikaja na chai, nikaambiwa umeshapanda basi. Hukuniachia hata neno.

Nimeapishwa. Watu wanakuja kunipongeza, wanacheka, wanaimba, Yuliana kaleta kuku na mtoto mgongoni. Mimi nacheka nao, wakiondoka nakaa jikoni nalia. Baba Hamudi anasema nikupe muda. Muda gani? Wewe una miaka sabini na moja.

Mjomba, kama umekasirika nakuelewa. Lakini mkutano mkuu nimeuitisha Jumamosi tarehe 7, wa kwanza, na watu wanasema watakuja wote, mpaka wa vitongoji vya mbali. Nitasimamaje mbele yao na wewe hutaki kuniona? Watu watasema nimechukua kiti kwa kumvunja mzee wangu. Na mimi mwenyewe nitasema hivyohivyo.

Nimeshinda, na sijapata raha hata siku moja. Niandikie, hata kama ni matusi.

Stamili


Lisekese
3 Desemba 2024

Mwanangu Stamili,

Plasta wameitoa jana. Mguu umekuwa mwembamba kama wa kuku, Biesha ananicheka waziwazi. Natembea na gongo moja.

Sasa kaa chini. Hii isome ukiwa peke yako, kisha msomee Mahmudu, maana nimemkosea.

Sikuondoka kwa hasira. Niliondoka kwa sababu nilikuwa nalia. Waliposoma jina lako machozi yalinitoka, na si machozi ya mzee ya kujifuta kwa kidole, nilikuwa natikisika. Nikasema, Nurdini, watu wakikuona hivi watadhani unalilia kiti, watamharibia mtoto siku yake. Nikainuka taratibu nikapita nyuma ya ofisi. Asubuhi macho yalikuwa yamevimba, nikapanda basi kabla hujaja. Gervas kaniona, kanyamaza, Mungu ambariki.

Nililia kwa kupumua. Sina neno jingine. Kilichokuwa kimenikaa hapa kifuani kilitoka.

Umeniuliza kwenye barua yako ile mkutano mkuu uliitishwa lini. Nitakujibu. Miaka sita na miezi miwili. Nilikuwa nakumbuka, nilikuwa nahesabu. Sikuuitisha kwa sababu niliogopa kuulizwa. Kwanza ilikuwa pampu. Nilikwenda mjini mara ya kwanza, wakaniambia njoo mwezi ujao. Nikaenda mwezi ujao. Mara ya tano niliona haya kurudi na mikono mitupu, nikawaambia watu nafuatilia, nikakaa. Ukishasema uongo wa kwanza, mkutano unakuwa adui yako. Mtaro ukachimbwa ukasimama. Zahanati ikasimama. Na mimi kila asubuhi naamka nasikiliza kama kuna mtu anabisha hodi, nikisikia hodi namwambia mke wangu aseme nimelala. Wewe ulikuwa unawapa chai. Nilikuwa macho, Stamili, nilikuwa chumbani, sikio la kushoto nimelibandika mlangoni, nasikia kila walichokuambia.

Na mguu haukuvunjwa na bodaboda. Najua Biesha keshakuambia, sura yake haifichi kitu. Nilikaa ndani ya ule mtaro saa nzima nikingoja mtu apite, na nilikuwa naomba asipite anayenijua.

Utauliza, kwa nini basi nikajaza fomu? Kwa sababu nisingegombea angegombea Ladislaus, na angeshinda kwa kutumia jina langu. Kila nilipotafuta mtu wa kumwachia niliwatazama wanaume wa ukoo, mmoja mlevi, mmoja kahamia Mtwara, mmoja hajui kusoma. Wewe nilikuwa nakuona kila siku na sinia la chai mkononi, wala haikunijia. Barua yako ya fomu nilipoisoma nilikasirika, sikatai, siku ya kwanza nilikasirika sana. Siku ya pili nikaisoma tena. Siku ya tatu nikasema, mjinga ni mimi.

Uliniuliza kama nimeridhia nikakujibu jeuri. Nimeridhia. Nakuombea mbele ya Mungu na mbele ya mama yako, uongoze kwa amani, usiogope mjini, wakikuambia njoo mwezi ujao uwaambie unalala palepale. Mimi ningefanya hivyo nisingefika huku.

Ila usije ukadhani nilikupigia kura. Nilijipigia mwenyewe. Mkono ulikwenda kwa mazoea, na nilipotoka kwenye kile chumba nikaanza kuomba dua nishindwe. Ndiyo mjomba wako huyo.

Tangu Alhamisi nalala mpaka jua linachomoza. Jana Biesha alikuja kunigusa kama napumua.

Jumamosi nitakuja. Usinitengee kiti mbele, wala usinitaje kwenye salamu zako ukaanza mzee wetu, mzee wetu. Nitakaa kule nyuma kwenye majamvi, na wale wanaonung'unika. Miaka ishirini nimewaona kwa mbali midomo yao ikicheza, sikuwahi kuwauliza wanasema nini, na nataka niwepo watakapokuuliza wewe, nikusikie unawajibu.

Mjomba wako,
Nurdini